Jino la Mama Mkubwa

Mwezi Juni, nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, nilikuwa nimebakiza kesi moja. Ninasomea magonjwa ya fizi na vipandikizi vya meno, na masomo ya aina hii huendeshwa na daftari. Ndani yake kuna orodha: wagonjwa kadhaa wa kusafishwa chini ya fizi, upasuaji kadhaa wa fizi, vipandikizi kadhaa vya nyuma, vipandikizi kadhaa vya mbele. Kila kesi ina picha za kabla na za baada, eksirei, na saini ya msimamizi. Daftari lisipojaa, huingii chumba cha mtihani. Langu lilikuwa limejaa isipokuwa mstari mmoja: jino la mbele, taya la juu, mahali ambapo mfupa umepungua na lazima ujengwe.

Mgonjwa wa namna hiyo hapatikani kirahisi. Kipandikizi kimoja katika kliniki binafsi ni bei ya ng'ombe wawili, pengine watatu. Kesi za mafunzo hupunguziwa, nyingine hufanywa bure, lakini mwenye uwezo wa kulipa hataki mwanafunzi, na asiye na uwezo haji kuuliza kwa sababu hajui kama kitu hicho kipo. Wenzangu walikuwa wakitafuta vinywa kama madalali wanavyotafuta viwanja. Siku moja mtu aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Nani ana ndugu mwenye pengo la mbele?" Tulituma vikatuni vya kucheka, kisha kila mmoja akaanza kuwapitia ndugu zake kichwani.

Mimi nilisimama kwa mama mkubwa.

Ni dada wa mama yangu. Anaishi Hombolo, nje kidogo ya jiji la Dodoma, ana miaka 58, ana kipande cha shamba la zabibu na kingine cha uwele na karanga. Jino lake la mbele la juu, upande wa kushoto, lilitoka alipokuwa na miaka arobaini na kitu. Halikuoza. Lilianza kucheza, likacheza mwaka mzima, kisha siku moja akang'ata muhindi wa kuchoma na jino likabaki kwenye gunzi. Ndivyo ugonjwa wa fizi ulivyo. Bakteria hujijengea makazi chini ya ufizi, mwili unapigana nao, na katika vita hiyo mfupa unaoshikilia jino unapungua kidogo kidogo. Mara nyingi hauumi. Kinachouma hutibiwa, kinachocheza huvumiliwa, ndiyo maana wagonjwa wetu wengi hufika tukiwa tumebakiziwa kazi ya kuhesabu yaliyosalia.

Tangu siku ya muhindi ule mama mkubwa amekuwa akicheka na upindo wa khanga mdomoni.

Kiswahili kina maneno mawili kwa nafasi iliyo katikati ya meno, na wanaokizungumza hawayachanganyi. Mwanya ni sifa. Mwanamke mwenye mwanya husifiwa, na kuna watu waliowahi kuniuliza kliniki kama inawezekana kuutengeneza. Pengo ni hasara. Neno hilo tunalitumia hata msibani: marehemu ameacha pengo, tena lisilozibika. Tofauti ya mwanya na pengo haipimwi kwa milimita. Inategemea watu wanaokutazama wamekubaliana nini.

Bibi yangu, mama wa mama mkubwa, aliyefariki 2011, hakuwa na meno mawili ya mbele ya chini. Aling'olewa akiwa msichana, kwa desturi ya Wagogo wa wakati huo. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857 akiyatafuta maziwa makuu, aliandika kuhusu meno hayo ya chini yaliyokosekana na ndewe za masikio zilizovutwa kuwa alama za kumtambua Mgogo, na hakuandika kwa kupendezwa. Wazee wetu walitoa sababu ya kitabibu: pepopunda ikimfunga mtu taya, uji upate pa kupita. Sijui ni wangapi waliokolewa hivyo. Ninachojua ni kwamba bibi alicheka mdomo wazi hadi siku zake za mwisho, na hakuna mtu, hata sisi wajukuu watundu, aliyewahi kumwambia ana pengo.

Nilipokuwa nikimfikiria mama mkubwa, bibi hakunijia kabisa. Ninataja hili kwa sababu baadaye lilinisumbua. Nilikuwa nimefundishwa kuuona mdomo kama safu ya nafasi 32, kila nafasi ina namba, na namba isiyo na jino huandikwa "limekosekana". Kwa daftari langu bibi na binti yake walikuwa na tatizo moja.

Nikapiga simu.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu, mbukwa. Umekula?"

"Nimekula. Mama mkubwa, nataka nikuwekee jino. Pale mbele. La kudumu, bure."

Akanyamaza kidogo. "Jino la nini sasa, na uzee huu?"

"Utacheka vizuri."

"Kwani sasa sicheki?"

Nikamwambia jambo ambalo katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumwambia: kwamba huwa anaziba mdomo kwa khanga. Nilisema kwa upole, kwa sauti ile tunayofundishwa kutumia na wagonjwa.

"Kumbe mnaonaga," akasema.

Baada ya wiki tatu alipanda basi.

Nitasema haraka habari za matibabu yenyewe, kwa sababu yalikwenda vizuri. Julai nilimsafisha fizi zote, maana huwezi kupanda kitu kipya kwenye shamba lenye ugonjwa. Oktoba akarudi, nikamchoma ganzi, nikafungua ufizi, nikatoboa mfupa, nikaingiza skrubu ya titani yenye urefu wa milimita 10. Upande wa nje mfupa ulikuwa mwembamba, nikajazia chembechembe za mfupa zinazokuja ndani ya kichupa. Chembe hizo hutokana na ng'ombe. Mifupa husafishwa mpaka ibaki madini matupu. Nilipomweleza, mama mkubwa, ambaye ni Mgogo kamili, alitaka kujua ni ng'ombe wa nani.

"Wa Ulaya," nikasema.

"Ana jina?"

Msimamizi wangu alicheka mpaka akatoka chumbani. Juu ya zile chembe tuliweka utando mwembamba wa kuzikinga, na utando wa aina hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Mama mkubwa ni Mwanglikana, kwake haikuwa shida. Lakini nilijiuliza ingekuwaje kama angekuwa shangazi wa rafiki yangu wa Kondoa, Muislamu, kwa maana fomu ya ridhaa ilisema tu kwamba "vitu vya asili ya kibiolojia" vinaweza kutumika. Ilisema hivyo kwa Kiingereza.

Hapo kwenye fomu ndipo palipo na kosa langu. Mama mkubwa anasoma Kiswahili vizuri, Biblia yake imechakaa kwa kusomwa, lakini Kiingereza hajui. Kwa hiyo nilimfasiria mimi. Mfasiri na mnufaika walikuwa mtu mmoja, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo geni, maana ndivyo tunavyofanya kila siku.

Sikumdanganya. Nimeirudia ile dakika mara nyingi na siwezi kuonyesha sentensi ya uongo. Fomu ilitaja njia nyingine: kuacha kama palivyo, au jino la kuvua na kuvaa. Nikasema, "Kuna lile la kuvua, ila utakuwa unalitoa kila usiku kulitia kwenye glasi," na uso wangu ukamaliza sentensi. Kuacha kama palivyo nilikupita kama unavyopita kituo ambacho hakuna abiria wa kushuka. Fomu ilisema kipandikizi kinahitaji uangalizi wa maisha yote. Nikasema, "Utakuwa unakuja kusafishwa." Yale maneno matatu, "ya maisha yote", sikuyatafsiri. Nilimwonyesha pa kusaini, akasaini, kwa mwandiko wa shule ya misheni, herufi zimelala upande mmoja kama mtama kwenye upepo.

Tuliweka taji Aprili. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, akauliza kama anaweza kula karanga, nikasema ndiyo ila taratibu. Nikapiga picha ya baada. Msimamizi akasaini. Mstari ukajaa.

*

Katika kozi yetu ya maadili tulisoma mambo mawili ya Sweden katika wiki moja, na nadhani mwalimu hakuyaweka pamoja kwa makusudi.

La kwanza ni Vipeholm, hospitali karibu na mji wa Lund, walikokuwa wakiishi watu wenye ulemavu wa akili. Katika miaka ya arobaini watafiti waliwapa baadhi yao peremende nyingi, hasa peremende zilizotengenezwa zinate kwenye meno, ili kuona kama sukari huozesha meno. Meno yalioza. Matokeo yakachapishwa mwaka 1954. Ushauri wote ninaompa mzazi yeyote leo, kwamba ubaya mkubwa wa sukari ni kule kuila mara kwa mara na ile inayonata, una mizizi kwenye midomo ya watu wale ambao hawakuulizwa. Nilisoma hayo nikakumbuka utoto wangu Dodoma, ambako jina la hospitali ya Mirembe lilikuwa tusi letu shuleni: ukifanya ujinga, unaambiwa utapelekwa Mirembe. Mtoto hujifunza mapema kwamba kuna watu ambao lolote linaweza kusemwa juu yao. Kutoka hapo hadi kwenye peremende si mbali sana.

La pili ni Gösta Larsson. Mwaka 1965, huko Gothenburg, alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi vya titani na Per-Ingvar Brånemark, ambaye zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo alikuwa amegundua, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa huishika titani na hauiachi. Larsson alizaliwa na kasoro za taya, hakuwa na meno, kula na kuzungumza vilikuwa mateso. Naye alikuwa kesi. Alikuwa mdomo wa majaribio kuliko mama mkubwa alivyowahi kuwa, kwani hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Alifariki mwaka 2006, na vipandikizi vyake vilikuwa vimemtumikia miaka 40.

Wanafunzi tulibishana sana. Mmoja alimleta Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu. Watu humnukuu na kulisahau neno dogo la mwisho. Kama angekataza kumtumia mtu kama chombo, basi, pasingekuwa na hospitali ya kufundishia hata moja, wala fundi cherehani mwenye mwanafunzi, wala kinyozi anayeanza. Kila mkono uliojua kitu ulijifunzia kwa mtu. Daktari aliyenizalisha mama yangu alijifunza kuzalisha kwa wanawake ambao hatutajua majina yao, na uwezekano mkubwa hawakuwa matajiri. Kwa hiyo swali lote liko kwenye lile "tu". Ni nini kinachoongezwa juu ya kumtumia mtu ili neno hilo liondoke?

Darasani jibu lilikuwa ridhaa. Larsson alikubali, watu wa Vipeholm hawakuulizwa. Mjadala ukafungwa, tukaenda kula. Niliridhika. Nilikuwa na fomu yenye saini.

*

Desemba nilikwenda nyumbani likizo. Nilifika Hombolo jioni, mvua za kwanza zimenyesha, mama mkubwa anachambua mlenda barazani. Akanipokea, tukasalimiana, na nilipomchekesha akainua khanga.

Nilidhani ni mazoea. Akaishusha. Pengo lilikuwa pale pale.

Jino hakuwa amelipoteza. Akaingia ndani akatoka na karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne, ndani yake taji na skrubu yake ndogo. Mwezi Novemba, kwenye harusi, lilianza kuzunguka kama kitasa kibovu. Akaliacha. Siku ya tatu likatoka lenyewe, bahati nzuri akiwa macho. Angelimeza usingizini, au lingemwingia kwenye njia ya hewa, leo ningekuwa naandika kitu kingine.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ulikuwa na mitihani."

Alikuwa amekwenda kwa tabibu wa meno wa karibu. Kijana yule, ambaye baadaye nilikutana naye, alifanya kila kitu sawasawa. Alitazama akasema: hii naijua kwa picha tu, inataka bisibisi yake, sina, nikigusa na kitu kingine nitaiharibu. Ni kweli. Kampuni nyingi za vipandikizi zina bisibisi zao: nyingine ina pembe sita, nyingine ina umbo la nyota, nyingine mraba, na mara nyingi haziingiliani, kwa sababu ambazo wenye kampuni wanazijua. Kazi nzima, yenye safari nne za basi, mfupa wa ng'ombe wa Ulaya na titani iliyoshikwa vizuri na taya, ilikuwa imekwama kwa kukosa kijiti cha chuma kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kwenye daftari langu kesi hiyo ilikuwa na neno "imekamilika".

Nilitazama ndani kwa tochi ya simu. Ufizi ulikuwa mwekundu, umevimba, umeanza kukifunika kichwa cha kipandikizi. Nilipougusa ulitoa damu. Jino la asili limening'inizwa kwenye mfupa kwa nyuzi nyingi ndogo zenye hisia; ndizo zinazokuambia umeng'ata jiwe, na ndizo zinazoliacha jino licheze kabla ya kutoka, kama onyo. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Hakichezi. Mfupa unaweza kuondoka chini yake nacho kikabaki kimesimama imara mpaka karibu mwisho. Tena aliyewahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ndiye aliye kwenye hatari zaidi ya kuugua fizi za kipandikizi. Hayo yote niliyajua nikiwa nashika simu mwezi Juni. Yalikuwa kwenye mtihani, na nilipata alama nzuri.

Usiku ule sikulala vizuri, na fikira iliyonijia kwanza ilikuwa rahisi: hukupaswa kumwekea. Kipandikizi si kitu cha Hombolo. Jino la kuvua lingemtosha, au lile pengo lenyewe.

Fikira hii ina heshima yake, na Tanzania ina ushahidi wake. Katikati ya miaka ya themanini, chuo cha meno cha Dar es Salaam kilikuwa na tatizo: vijijini hakuna umeme, mashine ya kuchonga meno haifanyi kazi, kwa hiyo kila jino bovu linang'olewa. Mholanzi Jo Frencken na wenzake wakajaribu kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji ya meno inayojishikiza yenyewe. Njia hiyo sasa inafahamika duniani kote kwa herufi ART, Shirika la Afya Duniani limeitangaza, na inafundishwa hata kwenye nchi ambazo umeme haukatiki. Ilizaliwa hapa, na ilizaliwa kwa kuuliza kwanza: mahali hapa pana nini, na mimi nikiondoka patabaki nini? Hilo ndilo swali ambalo sikuliuliza.

Lakini fikira hiyo hiyo, ukiigeuza upande wa pili, inanuka. Ukitoka Dodoma kuelekea Singida, na zaidi kule Manyara na Arusha, utakutana na watu wenye meno ya kahawia. Ni floraidi ya kwenye maji ya visima, inayoharibu meno mtoto angali mdogo, na ikizidi sana hupinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kiliruhusu 4. Hakuna aliyeamini kwamba meno ya Mtanzania ni magumu zaidi. Sababu ilikuwa kwamba kufuata 1.5 kungemaanisha kufunga visima vingi ambavyo havina mbadala. Niliyaelewa mahesabu hayo niliposoma, na bado kuna kitu kilinikaba, kwa sababu najua sentensi iliyo nyuma yake: kwa watu wale, inatosha. (Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikichuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ng'ombe tena. Mama mkubwa angeuliza jina.)

Kwa hiyo nikisema kipandikizi si cha Hombolo, ninasema nini? Msimamizi wangu, nilipompigia asubuhi, alisema: "Usipoanza wewe, Dodoma itapata lini mtu wa kuweka? Utasubiri barabara zikamilike ndipo ununue gari?" Hoja yake ina nguvu. Kila kitu kilichopo leo katika hospitali za Dodoma kiliwahi kuwa kitu cha mbali, na kuna mgonjwa aliyekuwa wa kwanza. Lakini nilitambua kwamba hoja hiyo ni tamu sana mdomoni mwa mtu aliyebakiza kesi moja. "Watu wa kwetu wanastahili kilicho bora" ni sentensi ya kweli, na mimi niliitumia kujifichia.

*

Siku ya pili tulikwenda kwa yule tabibu, akatupa kiti chake na saa moja. Nilikuwa nimetembea na bisibisi, imo kwenye mkoba wangu tangu mwaka wa kwanza, nimeinunua mwenyewe kwa posho ya wiki mbili. Nilihitaji kumchoma ganzi ili nisukume ufizi pembeni, na tulipokuwa tunasubiri ganzi ishike nikaanza kuomba radhi. Nilisema nilimwita kwa sababu ya mtihani wangu. Nilisema sikumweleza kuhusu maisha yote. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno.

Mama mkubwa, mdomo nusu umekufa ganzi, akanikatiza.

"Mwanangu, unafikiri sikujua? Mama yako aliniambia umekwama. Alisema bila mtu wa kuwekewa jino hutamaliza shule. Nikasema, basi, mdomo ninao."

Yule tabibu akajifanya anapanga vifaa.

Nimelitafuna jambo hili miezi mitatu sasa na bado sijalimeza. Nilijiona nimemtumia mtu ambaye hakujua. Kumbe alijua, na kile nilichokiita ridhaa kwenye fomu yeye alikuwa anakiita msaada. Fomu ilimuuliza kama ameelewa hatari na faida zake. Haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu anaweza kulala chini ya taa na kutobolewa mfupa kwa sababu mtoto wa mdogo wake ana shida. Katika lugha ya darasani, mimi nilikuwa mtoaji naye mpokeaji. Barazani Hombolo ilikuwa kinyume chake, na watu wote waliijua isipokuwa mimi mwenye shahada.

Ningependa kusema hilo linanisafisha. Halinisafishi. Alikubali kuniazima mdomo kwa safari chache za basi. Hakujua kwamba anaazima kwa miaka yote aliyobakiza, kwamba kutoka sasa kuna kitu ndani yake kinachohitaji mtu fulani mwenye chuma fulani. Aliyetoa kwa moyo mkubwa kuliko alivyoombwa anadaiwa maelezo zaidi, na mimi nilimpa machache. Na lile neno lake, "kumbe mnaonaga", siwezi kulirudisha. Huenda aibu ile ilikuwepo kabla yangu; khanga inashuhudia. Lakini kabla ya simu yangu ilikuwa yake peke yake, angeweza kuamini hatuoni.

Ndipo ninapomrudia Larsson, na nadhani darasani tulimfunga mapema mno. Tulisema kilichomtofautisha na watu wa Vipeholm ni kwamba alikubali. Ni kweli, na ni kubwa. Ila alikubali mwaka 1965 kitu ambacho hakuna mtu aliyekijua, hata Brånemark. Ridhaa yake ilikuwa ya gizani. Ninapoisoma habari yake sasa jicho langu linakwenda kwenye ile 40. Mtu hakai na vipandikizi miaka 40 bila watu wanaomtazama, wanaokaza kilicholegea, walio na bisibisi. Daftari langu halikuwa na mstari wa hilo. Lilikuwa na "kabla" na "baada", na "baada" ilipigwa picha nusu saa tangu taji liwekwe.

Ganzi ilishika. Nilisukuma ufizi, nikasafisha, nikaosha, nikarudisha taji, nikakaza kwa ufunguo wa kupimia nguvu nikimwonyesha yule tabibu kila hatua. Mara ya pili nililitoa nikamwachia yeye alirudishe. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, nasema kweli. Mchana tulikwenda mjini kupiga eksirei. Mfupa ulikuwa bado umesimama.

Bisibisi nimemwachia yeye, ndani ya bahasha yenye jina la kampuni, namba ya kipandikizi na namba yangu ya simu. Ameniuliza kama kuna mafunzo mafupi anayoweza kuhudhuria. Ninatafuta. Katika daftari langu, pembeni ya neno "imekamilika", nimeandika tarehe ya Novemba na neno "imelegea". Msimamizi aliliona, akakohoa, akafungua ukurasa unaofuata.

Jioni ile barazani nilimweleza mama mkubwa upya, kwa Kiswahili, polepole, yote. Kwamba ni kila miezi mitatu mwanzoni. Kwamba ni maisha yote. Kwamba akichoka anaweza kusema, nikitoe, na nitakitoa bila kuuliza. Alisikiliza akitafuna karanga kwa upande wa kulia.

"Miezi mitatu ni lini?"

Nikafungua kalenda kwenye simu. "Machi."

"Machi tunavuna zabibu. Aprili."

Nikaandika Aprili.